Mchoraji wa Kasulu aliyekuwa anakosea gari lile lile, na mguu wa baba yangu

Mtu anajuaje pa kukosea?

Hilo ndilo swali nililozunguka nalo wakati ule na sikupata jibu, pamoja na digrii yangu.

Wakuu, habari za leo. Na walioko Kigoma, mwakeye. Wanaonifahamu humu jukwaani wanajua ninavyowasumbua watu wa "nimesikia kwa jirani". Leo najibana kwa sheria ileile: niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitamtaja aliyeniambia. Majina ya watu nimebadilisha. Kampuni ya gari siitaji, wajuzi wa magari mtalitambua wenyewe.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Kasulu kusubiri ajira kama wenzangu wengi. Nilisoma takwimu. Nyumbani walinivumilia tu. Mtu akisema mvua ya mwaka huu haijawahi kutokea, mimi nauliza amepima na nini.

Baba yangu ni fundi magari mstaafu, na ana hadithi moja.

Alipokuwa kijana anajifunza ufundi katika gereji moja kule Kibondo, alikuwepo daktari Mwingereza aliyekuja na gari lake la michezo. Viti viwili. Kijani iliyokolea. Paa la turubai linalokunjwa, na boneti refu kiasi kwamba ukikaa ndani unaona boneti kwanza, dunia baadaye. Baba anasema gari hilo lilikaa gereji kuliko lilivyokaa barabarani, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa analihudumia. Anasema kuna siku aliliendesha mwenyewe kutoka Kibondo hadi Kasulu.

Mimi tangu sekondari nilikuwa naikataa hadithi hii. Gari ambalo tumbo lake linakaribia kugusa ardhi, Kibondo hadi Kasulu, enzi za barabara ya udongo?

"Lilipitaje, Baba?"

"Sehemu nyingine lilipita, sehemu nyingine lilipitishwa."

"Na nani?"

"Na watu. Kwani barabara ilikuwa haina watu?"

Ushahidi hakuna. Picha hakuna. Mama naye hakufaa kuwa shahidi. Baba akianza tu, Mama anamkata: "Hilo gari lako lirudishe Ulaya, ugali unapoa." Akishindwa kumkata anasinzia palepale kwenye kiti. Nilikua nikijua Mama analichukia lile gari kama mke mwenza.

Sasa tuje kwenye mguu.

Masika fulani Baba alikuwa anarudi kutoka Titye kwa bodaboda. Tope, kona, pikipiki ikaenda kivyake na wao kivyao. Dereva alichubuka. Baba alivunjika paja.

Hospitali walimlaza wakamning'inizia mguu. Kwa ambao hamjawahi kuona: wanapitisha chuma chini kidogo ya goti, kinafungwa kamba, kamba inapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na mwisho wa kamba linaning'inia dumu lenye mchanga. Dumu linauvuta mguu ili mfupa uungane ukiwa umenyooka. Unalala chali wiki baada ya wiki. Unakula chali, unasali chali, unasalimiana na wageni ukiangalia dari.

Mwanzoni alivumilia. Baadaye akaanza kuuliza kila asubuhi kama leo ndiyo leo.

Halafu akaja baba mdogo, mdogo wake wa Heru Juu. Mtu mwema sana, anampenda kaka yake kuliko anavyojipenda. Akakaa pembeni ya kitanda, akaliangalia lile dumu.

"Kaka, pale kwetu yupo mtaalamu wa mifupa. Anakufunga vijiti na dawa, unakaa nyumbani kwako unaota moto. Hapa wamekutundika kama nyama buchani."

Baba alicheka. Kisha naye akaliangalia lile dumu. Kule kuliangalia ndiko kulikonitisha.

Daktari aliniita nje akaniambia bila kuzunguka: mfupa umeanza kushika lakini bado mbichi. Akitolewa sasa, ncha zitapandana, mguu utakuwa mfupi na umepinda, na huyu mzee hataingia tena chini ya gari. Wakuu, sitaki ligi ya waganga na madaktari kwenye uzi huu. Nimewaona watu waliopona kwa vijiti. Nazungumzia mfupa huu mmoja, kwenye wakati ule.

Nikamrudia Baba na hoja zangu. Nilimwonesha picha za eksirei. Nilimwonesha video. Nilimchorea mchoro.

"Mwanangu, wewe chuoni ulisomea mifupa?"

"Nimesomea takwimu, Baba."

"Basi hesabu mbu wa wodi hii, uniletee jibu."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikarudisha simu mfukoni.

Ni katika kuchoka kule siku moja nikaanza kutafuta lile gari mtandaoni, kusudi tu tuzungumze kitu kingine. Magari ya michezo ya Kiingereza ya zamani, yapo mengi kuliko nilivyofikiri. Nikawa namwonesha moja moja.

"Siyo."

"Hili?"

"Siyo. Macho yake hayakuwa yametoka hivyo."

"Na hili?"

Akanyoosha mkono akaishika simu mwenyewe, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hilo," akasema. "Rangi tu ndiyo siyo. Hilo."

Nikajiambia: sawa, gari lipo duniani. Hiyo haithibitishi kwamba lilifika Kibondo.

Siku hiyo alikuwepo mgeni mwingine, Mzee Venansi. Huyu ni mchoraji wa mabango pale mjini, kibanda chake kiko njia ya sokoni. Wazazi wake walikuja na ukimbizi kutoka Burundi akiwa mdogo, akakulia huku, ni Mtanzania mwenzetu. Amechora nusu ya saluni za Kasulu. Aliwahi kuchora chupa ya soda kwenye ukuta wa duka, ina matone ya baridi, nikipita pale mchana nilikuwa nasikia kiu. Anasali kanisa moja na Baba, ila urafiki wao ni wa kwaya. Mambo ya magari hana. Hata baiskeli ilimshinda, anatembea kwa miguu maisha yake yote.

Akaichukua simu, akaitazama.

"Kitu kidogo hivi ndiyo unampa mgonjwa?" Akamgeukia Baba. "Nitakuchorea, sha. Kubwa. Ulione bila kunyanyua shingo."

Nilienda steshenari nikatoa ile picha kwa rangi, karatasi nzito, inaonekana vizuri hadi uzi wa mshono wa kiti. Nikampelekea.

Niwaeleze anavyofanya kazi, maana ndiyo kiini cha uzi huu. Anapiga miraba ya penseli juu ya picha ndogo. Halafu anapiga miraba ileile, mikubwa, juu ya hadibodi. Kisha anahamisha: kilichomo kwenye mraba mdogo kinaingia kwenye mraba mkubwa wake, mmoja mmoja. Niliipenda njia hii kwa sababu ni hesabu tupu. Kwa miraba unaweza kukosa uzuri, lakini huwezi kukosea idadi. Kama kwenye mraba kuna nati moja, utachora nati moja.

Akaanza kuja na ubao kila jioni saa ya kuona wagonjwa. Alitumia rangi ya maji ili ikauke haraka, na kwa sababu Sista Odilia, muuguzi wa wodi, alishasema akisikia harufu ya thina humu ndani atautupa ubao na aliyeubeba.

Siku ya kwanza wodi ilisimama. Mimi mbishi nasema kweli: lile bampa la mbele lilikuwa linang'aa. Alikuwa ameweka wingu ndani yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliomba asogezewe ubao ajiangalie ndevu.

Baba akatazama kwa muda mrefu. Halafu:

"Venansi. Hizi nati za nini?"

"Za tairi."

"Umeliwekea gari la daktari tairi za pikapu? Hili lina nati moja tu katikati, ina masikio mawili, unaigonga kwa nyundo ya shaba. Ukitumia nyundo ya chuma unapigwa wewe."

"Kumbe? Basi kesho nitarekebisha."

Na hapo Baba akaanza. Jinsi nyundo ile ilivyopotea Kibondo, wakaitafuta gereji nzima, ikakutwa kwa mama mmoja anatwangia karanga. Wagonjwa walicheka mpaka Sista Odilia akaja kuangalia kuna nini, akabaki kusikiliza.

Kesho yake nati ilikuwa sawa. Sasa lilikuwa boneti. Mzee Venansi alikuwa amelichorea mstari wa kufungukia karibu na kioo, kama magari ya kawaida. Baba aliumia kama ametukanwa. Boneti la gari lile, akasema, linafunguka kwa kuinamia mbele, lote zima pamoja na madigadi, kama kiboko anapiga miayo. Hadithi nyingine ikatoka.

Siku iliyofuata kitasa cha mlango. Iliyofuata kioo cha taa.

Kila jioni kosa moja. Kila kosa, hadithi. Na asubuhi Baba aliacha kuuliza kama leo ndiyo leo. Alikuwa anauliza saa.

Mimi nikaanza kutilia shaka. Nikaenda kibandani mchana mmoja. Picha yangu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, miraba juu yake, na kwenye gurudumu inaonekana nati moja yenye masikio mawili, hata mtoto angeiona.

"Mzee, unakosea makusudi."

Hakugeuka. Alikuwa anachora herufi za bango la fundi cherehani.

"Mwanangu, mimi ni mchoraji wa saluni. Gari la Wazungu nimelijulia wapi?"

"Picha si hii hapa?"

"Macho yamezeeka."

Macho yamezeeka, na herufi zake zimenyooka kama zimechapwa mashine. Nikamwacha. Kwamba anakosea makusudi nililimaliza palepale, halikuhitaji digrii.

Kilichonishinda ni kingine. Gari lina sehemu nyingi. Angeweza kukosea kioo cha pembeni, Baba angesema "siyo hivyo" na ikaisha. Lakini yeye alikuwa anagusa palepale penye hadithi. Nati, ndiyo ile ya nyundo. Boneti, ndiyo ile ya siku mvua ilipomkuta daktari lipo wazi. Kitasa, ndiyo ile ya ufunguo uliomezwa na bata. Kila mara, bila kupoteza hata siku moja. Nilimuuliza Baba kama amewahi kumsimulia Venansi habari za lile gari. Akasema hajawahi, huyo mtu ukimtajia gia anasinzia.

Alijuaje?

Ijumaa moja baba mdogo akarudi. Safari hii alishapanga. Amepata pikapu, ameazima godoro, mtaalamu wa Heru Juu ameshaambiwa. Kesho asubuhi anakuja kumchukua kaka yake. Baba alikuwa amepata siku mbaya, mgongo ulikuwa unamuuma, akasema, "Njoo." Mimi nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa anaosha vyombo kwenye bomba la nje, dirishani. Alikusanya hotipoti akaenda zake.

Jumamosi asubuhi godoro likaingia wodini mikononi mwa vijana wawili. Sista Odilia akasimama mlangoni.

"Ni mtu mzima. Akikataa matibabu simfungi kamba. Ila aseme mwenyewe, siyo nyie."

Wote tukamwangalia Baba. Akavuta pumzi ya kusema.

Mlango ukasukumwa, akaingia Mzee Venansi na ubao umefunikwa khanga. Asubuhi. Yeye ambaye hajawahi kuja kabla ya jioni. Alikuwa anahema. Akauegemeza ubao kwenye kitanda cha jirani, akaiondoa khanga.

Alikuwa amemaliza kioo cha mbele. Baba akageuza shingo, akatazama.

"Venansi. Wipa ngapi hizo?"

"Mbili."

"Tatu."

"Mzee, magari yote ni mbili."

"Nimesema tatu."

Baba mdogo akaingilia kwa upole. "Kaka, hakuna gari la wipa tatu. Twende, pikapu inasubiri."

Baba akamgeukia. Nadhani tangu avunjike sikuwahi kuona macho yale.

"Nani kasema hakuna?"

Nitakuwa mkweli, hata mimi nilikuwa upande wa baba mdogo. Wipa tatu ndiyo sehemu ya hadithi niliyokuwa naicheka zaidi tangu sekondari. Nikafungua picha kwenye simu, nikaikuza mpaka kwenye kioo. Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Zipo tatu," nikasema.

"Mimi siamini," akasema Mzee Venansi, mbishi kabisa. "Zitaenea wapi? Kioo chenyewe kifupi."

"Ndiyo sababu! Kifupi na kipana. Mbili hazifiki katikati. Wewe lete rangi yako kesho, nitakuonesha zinavyolala."

"Kaka, pikapu."

"Ikasubiri barabarani. Unataka niondoke hapa niache gari lina wipa mbili? Huyu atalitundika sokoni watu walione."

Baba mdogo alikaa juu ya godoro lake. Baba akaanza hadithi ya wipa: jinsi moja ilivyong'oka njiani kati ya Kibondo na Kasulu, ile siku aliyoliendesha, na jinsi alivyoifunga kwa uzi wa gunia. Mama aliingia katikati ya hadithi na uji, viatu vina tope, akammiminia kila mtu kikombe, hata wale vijana wa godoro. Baba mdogo ndiye aliyeuliza, "Ikawaje sasa ulipofika mtoni?"

Pikapu iliondoka tupu. Haikurudi tena.

Makosa yaliendelea, yakawa madogo madogo, mpaka siku daktari alipoleta eksirei mpya na kusema dumu litoke. Jioni ile Mzee Venansi alileta ubao umeshapigwa vanishi. Hakukuwa na kosa. Kulikuwa na nyongeza moja tu ambayo kwenye picha yangu haipo: kwenye madigadi na chini ya milango alikuwa amepaka vumbi jekundu, jepesi, lile la kwetu, limeshika juu ya kijani.

Baba aliangalia wee. Kisha akasema, "Sasa ndiyo limetoka Kibondo."

Leo Baba anatembea. Magongo aliyaacha zamani. Ukimtazama vizuri anachechemea kidogo sana, yeye anasema mguu uko sawa, barabara ya mtaani kwetu ndiyo imeinama. Anaingia chini ya magari ya watu bila kuitwa. Ubao uko sebuleni, na wageni wote wanahesabishwa wipa.

Shukrani zangu ni nyingi na sina mahali pengine pa kuziweka. Kwa Sista Odilia, aliyeruhusu ubao uingie wodini na kujifanya hasikii harufu ya vanishi. Kwa baba mdogo, aliyekubali kushindwa mbele ya watu na hakununa. Kwa Mzee Venansi, aliyekubali kuonekana hajui kazi yake, mbele ya wodi nzima, jioni baada ya jioni. Mchoraji mwenye jina lake kukubali hilo siyo jambo dogo.

Nilichojifunza: mimi nilimpa Baba sababu za kubaki, zote sahihi, zote na vielelezo, na hazikumweka kitandani hata saa moja. Kilichomweka ni kuwa na kitu cha kesho ambacho bila yeye kingeharibika. Bado naamini ushahidi. Ila siku hizi kabla sijatoa hoja kwa mgonjwa, namuuliza kwanza kesho yake ina nini.

Mliowahi kulaza mtu muda mrefu, nambieni humu chini: nini kilimshikilia? Na wabishi wenzangu mnaosema gari lile halikuweza kufika Kasulu, karibuni pia, nilishakaa upande huo miaka mingi.

Lile swali la juu nilikaa nalo hadi mwaka jana. Nilipata kazi ya muda Kibondo, na Mzee Venansi alishahamia huko kwa binti yake. Nikaenda kumsalimia. Nikamuuliza alijuaje pa kukosea.

Alishangaa kwamba sijui.

"Mimi gari sijui hata linavyofunguliwa. Mama yako alikuwa anapita kibandani na hotipoti. Anasimama, anaangalia ubao, anasema, leo mharibie nati. Namharibia nati. Kesho anasema, leo boneti."

Nilirudi Kasulu mwisho wa mwezi nikamkuta Mama uani anachambua maharage.

"Mama, si ulikuwa unasinzia kila akianza?"

"Kufumba macho ndiyo kulala?"

Akaendelea kuchambua. Nikamuuliza na wipa, zile za Jumamosi.

"Zile nilimkataza Venansi asiziguse tangu mwanzo," akasema. "Nilimwambia azitunze mpaka siku shemeji yangu atakapoleta gari."